Mwanakondoo wa Mama Luka

Mwanangu Paulina,

Habari za sweta, za kutokaa karibu na mlango wa basi, na za kuandika nyumbani kila mwezi, mama yako amekwisha kukuambia, tena amezisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mimi sina la kuongeza hapo. Umekwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya mto, na ninavyomjua bibi hatakuachia urudi bila kula. Kwa hiyo nimepata saa chache. Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, karatasi iko juu ya debe, na ukungu umeanza kushuka, hivyo naandika haraka kabla karatasi haijalowa.

Utashangaa baba unayelala naye nyumba moja anakuandikia barua. Naandika kwa sababu mdomo umenishinda miaka saba.

Juma lililopita nilikuwa hapa hapa nachonga mpini wa jembe, nanyi mko ndani mnamenya viazi. Nikakusikia unamwambia mama yako, "Mama, mimi nisiende."

Mama yako akacheka. "Usiende wapi? Barua imekuja, padri ameisoma kanisani, watu wote wamepiga vigelegele."

"Kule hospitali ya Mbeya watanipa watoto wachanga. Watanipa niwanyweshe."

"Si ndiyo kazi yenyewe ya uuguzi?"

Ukasema, "Umesahau mwanakondoo wa Mama Luka? Nilimuua kwa mkono wangu huu. Huyo alikuwa kondoo tu. Mtoto wa mtu je?"

Nitakuambia jambo la aibu. Kitu cha kwanza kilichonishika pale nje hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Niliona wivu kwamba hofu kubwa namna ile umempelekea mama yako, mimi hukunipelekea. Nilichonga ule mpini kwa hasira mpaka nikauharibu. Ilipita muda ndipo nikaelewa maneno yenyewe uliyoyasema.

Paulina, yule mwanakondoo hukumuua wewe. Nilimuua mimi, nawe ukiwa shuleni. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, tangu mwanzo, nisiruke kitu.

Unajua nilifanya kazi miaka tisa kwenye shamba la Mzungu, kondoo wa sufu, kabla ya kurudi huku Igowole. Kule sikuwa na jina. Niliitwa boi kama wengine wote, mpaka siku waliyonipa fimbo na kuniambia niwe mnyapara wa kondoo. Nilirudi nyumbani na kondoo sita na ujuzi wangu, na hicho ndicho kilichonipa heshima hapa. Kondoo wa mtu akishindwa kuzaa, wanakuja kwangu. Akivimba tumbo, kwangu. Mtu akibisha hodi nilikuwa najua kabla ya kufungua kwamba ananitaka mimi.

Ila kitu kimoja kilikuwa kinanishinda, nacho ni wanakondoo waliofiwa na mama zao. Kule shambani tulikuwa tunakoroga unga wa maziwa wa kopo. Mzungu anapima mwenyewe, sisi tunakoroga. Sikuwahi kuuliza ndani ya kopo kuna nini. Huku nyumbani kopo halikuwepo, nikawa nawapa maziwa ya ng'ombe matupu. Wengine walipona, wengi walikonda wakafa kwenye mvua, nami nilikuwa nawaambia watu, "Mwanakondoo asiye na mama hana maisha." Waliniamini, kwa kuwa nilisema mimi.

Ulikuwa na miaka kumi. Kondoo wetu mwenye sikio lililokatwa alizaa pacha akakataa mmoja. Mimi nilikwisha kumkatia tamaa. Wewe ukaenda ukakamua maziwa kidogo ya yule mama, ukayaweka kwenye kikombe, ukachukua na ya ng'ombe kwenye kikombe kingine. Nikakuona unachovya kidole huku, unalamba, unachovya kule, unalamba.

Nikakuuliza, "Wewe, unafanya nini?"

"Baba, onja. Haya ya kondoo yanateleza. Yana mafuta. Ya ng'ombe ni kama maji."

Nikaonja. Ilikuwa kweli. Miaka tisa na kondoo, na miaka mingine baada ya hapo, na sikuwahi kuonja maziwa yao. Nilitema chini nikakuambia uache mchezo wa kitoto. Lakini moyoni nilihisi kitu kama mwiba mdogo, ule unaoingia kwenye kidole na huuoni ulipo.

Hukuacha. Ukachukua maziwa mabichi ya ng'ombe, chupa moja, ukapiga kiini cha yai ukakichanganya, ukatia kijiko cha samli iliyoyeyuka, ukapasha mpaka yawe na joto la mwili. Ulikuwa unadondosha kwenye kifundo cha mkono, unasema, "Yakinichoma mimi, yatamchoma na yeye." Mara ya kwanza ulitumia kitambaa, mwanakondoo akakinyonya mpaka akakimeza nusu. Mama yako akakununulia chuchu ya mpira kwenye duka la Mhindi pale Mafinga, ukaifunga kwenye mdomo wa chupa. Ukajua mwenyewe kwamba asinyanyuliwe kichwa juu sana, yasije yakaingia kwenye mapafu. Ukajua kwamba aliyezaliwa siku hiyo lazima kwanza apate dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, hata kama ni ya kuomba kwa kondoo wa jirani. Na ukajua kuliko yote kwamba apewe kidogo kidogo, mara nyingi, kwa sababu mwanakondoo wa chupa hajui kushiba.

Yule pacha akapona. Msimu uliofuata ukaponya wa Mzee Kalinga, wawili. Kisha wa mwalimu wa katekisimu.

Hapo ndipo hodi zilipobadilika. Siku moja Mzee Kalinga amesimama mlangoni, kakumbatia mwanakondoo ndani ya koti. Nikamwambia, "Kamwene, Mzee, karibu, mlete nimwone."

Akanitazama, akatazama nyuma yangu. "Kamwene. Binti yupo?"

"Yuko shuleni."

"Basi nitamngoja."

Alikaa pale pale kwenye gogo mpaka uliporudi, mwanakondoo yuko kifuani mwake, na mimi mnyapara wa kondoo niko hatua tatu tu kutoka kwake. Aliongea nami habari za mvua.

Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningesema huyo anatafuta sifa, ningemsengenya, ingeisha. Lakini ulikuwa wangu. Watu walinipongeza! Walinishika mkono, "Hongera, Baba Paulina, umezaa fundi." Na mimi ninatabasamu, na kila hongera inaniingia kama pilipili kwenye kidonda. Nilianza kukutafutia makosa. Unakumbuka nilikukataza mayai, nikasema unaimaliza nyumba? Mayai hayakuwa shida. Unakumbuka niliitupa ile chuchu nikasema imechukuliwa na panya? Mama yako akakununulia nyingine. Unakumbuka nilivyokuwa nakusahihisha mbele ya watu jambo ambalo hukulikosea? Wewe ulikuwa unaitikia, "Ndiyo, Baba." Hiyo "ndiyo" yako nayo ilinichoma, maana haikuwa na kiburi hata kidogo, na mimi nilitaka iwe na kiburi ili nipate sababu.

Basi Mama Luka akafiwa na kondoo wake. Alikuwa mjane, kondoo jike ni huyo huyo mmoja. Kondoo huyo alizaa mwanakondoo jike, naye mwenyewe akafa kesho yake. Mama Luka akaleta yule mtoto, akakukabidhi wewe mkononi, akasema, "Huyu ndiye zizi langu lote." Ulimlisha siku nane. Alikuwa ameanza kuruka.

Siku ya tisa ulikuwa unakwenda shule, darasa la nne. Ulitengeneza maziwa asubuhi, ukayafunika kwenye chungu karibu na mafiga, mama yako akiwa shambani. Ukanifuata nje. "Baba, mchana umpe nusu chupa tu. Uyapashe kwanza, ujaribu kwenye mkono. Yaliyobaki ni ya jioni na usiku. Atalia, lakini usimwongeze."

Mtoto wa miaka kumi na mmoja ananifundisha kulisha kondoo. Nilikuitikia vizuri. Nikaenda kwa Mzee Kalinga kwenye pombe ya ulanzi.

Ilikuwa kifuku, mvua nyingi na ulanzi mwingi, wanaume wamekaa wanakunywa na wanataniana. Mmoja akasema, "Baba Paulina, unakunywa hapa, wagonjwa umewaachia nani?" Mwingine akajibu, "Daktari yuko shuleni. Huyu ni mbeba chupa." Wakacheka. Ilikuwa utani wa kawaida, mimi mwenyewe nimewatania wengine zaidi ya hapo. Nikacheka nao, nikamaliza kibuyu, nikarudi nyumbani peke yangu, na njia nzima nilikuwa nalirudia lile neno, mbeba chupa.

Nilikuta moto umezimika. Maziwa yalikuwa baridi. Sikuyapasha. Nikajaza chupa mpaka juu, nikampa. Akanyonya yote kwa pupa, mkia unachezacheza. Nikajaza tena, yale ya jioni, nikampa. Akanyonya yote. Sikulewa kiasi cha kutojua, mwanangu. Nilijua. Miaka tisa nilikuwa nawagombeza vijana wa shamba kwa jambo hilo hilo.

Kisha nikakaa kumwangalia. Tumbo likakaza upande wa kushoto kama mpira wa baiskeli uliojazwa upepo. Akawa analala, anaamka, anageuka kuangalia ubavu wake. Zipo dawa za kujaribu, mafuta kidogo, kumtembeza, kumsugua, na mimi ndiye niliyekuwa nikizijua. Sikunyanyuka. Alikufa kabla watoto wa shule hawajaonekana kwenye njia.

Ulipofika ulimkuta nimemfunika gunia. Ulifunua, ukamgusa tumbo, ukaniangalia. Ukauliza, "Baba, ulimpa kiasi gani?"

Nikasema, "Nusu. Kama ulivyosema."

Ukafikiri. Niliona unavyofikiri. Ukauliza, "Basi ni maziwa yenyewe?"

Nami nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, "Yai lilizidi, mama. Yalikuwa mazito mno kwa tumbo lake. Nilikuwa nakuonya."

"Kwa hiyo nimemuua mimi?"

Hapo Mungu alinipa nafasi. Ningeweza kusema hapana, basi, hata bila kueleza lolote. Nikakushika bega nikakuambia, "Ndiyo kujifunza."

Nimewahi kusema maneno makali katika maisha yangu, nimewahi kumtukana ndugu yangu wa tumbo moja. Hakuna neno lililonifuata kama hayo mawili, niliyoyasema kwa upole.

Ulikwenda mwenyewe kwa Mama Luka kumwambia. Sikukusindikiza. Uliporudi uliosha chupa na ile chuchu na kijiko, ukampa mama yako, ukasema hutaki tena. Na hukushika tena. Msimu ule walikuja watu watatu na wanakondoo wao, ukawa unaingia ndani na kujifungia. Wakaniletea mimi.

Lililobaki huenda ndilo baya zaidi. Niliwatengenezea maziwa yako. Chupa moja, kiini kimoja, kijiko cha samli, joto la kifundo cha mkono. Yai lile lile nililokuambia limeua. Nilikuwa nafanya ukiwa haupo. Wakapona. Watu wakasema mzee hatimaye amefundishika, na baada ya mwaka mmoja walikuwa wamesahau kwamba palikuwa na mtoto. Yakaitwa maziwa ya Baba Paulina. Bwana mifugo alipopita kutoka Iringa, yule kijana mwenye miwani, aliyaandika kwenye daftari lake akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia, "Ni uzoefu tu." Ulikuwa umesimama hapo na birika la chai. Ulimmiminia, ukamwekea sukari, ukaondoka. Nimejiuliza mara nyingi kama ulijua. Sasa naona hukujua. Ulidhani nimepata kipimo cha yai ambacho wewe ulikikosa.

Leo asubuhi, kabla hamjaamka vizuri, nilikwenda kwa Mama Luka. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Miaka saba namwonea huruma yule mtoto. Kila nikimwona kanisani ananikwepa macho. Kumbe." Kisha akauliza, "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Basi kwa nini umeanza na mimi?" Akanigeuzia mgongo. Nimemwachia zizini kwake kondoo wangu jike mwenye mimba. Hakuniambia asante, na sikuwa nangoja.

Nitakwenda pia Mafinga siku bwana mifugo atakapopita, nimwambie afute jina langu na aandike lako. Atacheka. Acha acheke.

Najua barua za wazazi huwa na mashauri. Mimi nina machache, tena ni ya mtu aliyeshika upande mbaya. Kule Mbeya utafanya kazi chini ya watu waliokutangulia. Wengi watakuwa wema. Lakini atakuwepo mmoja ambaye kazi ile ndiyo kitu pekee alicho nacho duniani, nawe utaifanya vizuri kuliko yeye bila kujua kwamba unamuumiza. Atakusifu huku anatazama pembeni. Atakusahihisha mbele ya watu. Usimchukie, kwa sababu anaungua, mimi naujua ule moto. Lakini ukiacha maziwa ya mtoto mikononi mwa mtu, rudi ukaangalie mwenyewe chupa ina nini, hata kama mtu huyo angekuwa baba yako.

Na utakapozeeka katika kazi, akaja binti mdogo akaonja kitu ambacho wewe hukuwahi kuonja, mwambie siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya watu: umenishinda. Nadhani ule mwiba hutoka ukiutoa siku ya kwanza. Mimi niliufunga kitambaa, ukaoza ndani.

Usije ukafikiri nimepona. Padri alipoisoma barua yako kanisani, wanawake wakamkumbatia mama yako, na mimi nilisimama kwenye benchi la wanaume nikitafuta mtu wa kunishika mkono mimi. Umri huu! Nilijiuliza kwa nini hakuna aliyesema, mtoto wa mnyapara. Naandika haya ili usiwe na baba wa kwenye picha. Una baba mwenye wivu, ambaye hakuwahi kusema hadharani kwamba mkono wako ni mzuri. Ni mzuri, Paulina. Mwanakondoo wa Mama Luka alikuwa ameanza kuruka mkononi mwako. Hao watoto wa Mbeya upewe wewe.

Mama yako amekuja kuchukua kuni akaniona naandika. Nimemsomea yote mpaka hapo juu. Tangu tuoane sijamwona akinitazama namna ile. Kwanza alikaa chini pale kwenye kuni. Halafu akasema, "Rudia pale uliposema tumbo lilikaza." Nikarudia. Baada ya pale palikuwa na sentensi niliyoandika kwamba sikutaka afe, nilitaka augue tu ili uje kuniuliza mimi la kufanya.

Akasema, "Hiyo ifute."

Nikamwambia ni kweli, ndivyo nilivyowaza.

"Hata kama ni kweli. Unamwandikia yeye au unajiandikia wewe? Ifute."

Nimeifuta, utaona mahali nilipokwaruza. Kisha nikamwambia nilikusudia kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute umeshafika. Akasema, "Umkimbie tena?" Akabeba kuni zake akaingia ndani, na tangu hapo hajanisemesha.

Kwa hiyo sitaificha. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda barabarani kungoja basi, nitakupa mkononi baada ya uji. Nitakaa kwenye kigoda mbele yako wakati unasoma. Ukitaka kuuliza, uliza, nitajibu bila kuongeza wala kupunguza. Ukinyanyuka bila neno ukaenda kulia kwa mama yako, nitaona wivu, najijua. Lakini nitakaa pale pale.

Baba yako